Mkia wa Jina Langu

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia akili ya kuyakumbuka mambo haya na meno ya kutosha kuyacheka.

Dada yangu mkubwa anaishi Chiola. Ndiye aliyenichorea alif kwa kijiti kwenye mavumbi ya uwanja wetu, kabla sijapelekwa chuoni kusoma Kurani, na kila nilichosoma baadaye nilikipanga juu ya alif ile. Sasa macho yake hayaoni na miguu haimbebi. Kiswahili hakupata kukizoea. Anakisikia kama mtu anayewasikiliza majirani kupitia ukuta. Kwa sababu hiyo, kila Ramadhani, nikishamaliza kufundisha darasa Marambo, upande wa Nachingwea, ninakoishi, nilikuwa nalirudia kwa Kimwera kwenye simu na kumtumia mjukuu wake anayemtunza, amfungulie asikilize kitandani.

Lakini simu ya yule mjukuu ilikuwa inajaa. Darasa la saumu lilifutwa ili ipatikane nafasi ya picha za harusi. Darasa la zaka lilipotea kabisa, na tulipolitafuta tulipata mechi ya mpira. Dada alivumilia, kisha siku moja, mwezi wa Rajabu, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, akasema, "Mdogo wangu, maneno yako yanakuja kama wageni wa njiani. Yanafika, yanaondoka, sijui yamelala wapi. Yajengee nyumba. Nikitaka kusikia jambo, niambiwe liko pale, limekaa."

"Nitajenga, dada."

"Na ujenge kabla ya Ramadhani hii. Ile ya mwakani mimi sina ahadi nayo."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba duka linafungwa saa kumi na mbili. Mimi ndiye niliyetoka pale na kifua kizito, nikapanda pikipiki kwenye matope mpaka Ruangwa mjini kwa binti yangu wa mwisho, ambaye ana duka la steshenari, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti na kuwatengenezea watu tovuti zao.

"Hilo dogo, baba," akaniambia. "Nyumba ya mtandaoni inaanza na jina. Jina tunalo, ni lako. Bado mwisho wake tu."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Nilishtuka. Jina langu lilikuwa limeandikwa tena na tena kutoka juu mpaka chini, na kila mahali limefungiwa mkia tofauti. Nukta com. Nukta org. Nukta net. Nukta co nukta tz. Alivyozidi kuteremka ndivyo mikia ilivyozidi kuwa ya ajabu. Kulikuwa na mkia wa mahoteli, mkia wa wapiga picha, mkia wa watu wanaopenda baiskeli.

"Wa wakulima wa korosho upo?" nikauliza.

Akatafuta. "Wa kahawa upo, baba. Wa korosho hakuna."

Nikasema alhamdulillahi, sisi wa korosho tumeshazoea kungojeshwa, hata huko.

"Sasa nichague upi?"

"Wowote. Nyumba itafunguka vilevile. Huu mkia ni kama rangi ya mlango."

"Basi chagua wewe mwanangu, bonyeza."

Kidole chake kilikuwa kimeshashuka nusu ya safari. Laiti ningenyamaza hapo, dada angesikia darasa wiki ileile, nami nisingekuwa na kisa cha kuandika. Lakini nilisema, kwa adabu tu ya malezi yangu, "Ila ngoja kwanza nimwarifu mjomba."

Kidole kikasimama. "Baba. Mjomba wa nini?"

"Jina ni la babu mzaa mama. Haliwezi kujengewa nyumba mahali mjomba asijue."

Kwa asiyetujua nieleze kidogo. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Mtoto anaweza kuota mvi, akawa na wajukuu, akasalisha watu Ijumaa. Mjomba akiwa hai, yule bado ni mpwa. Mama yangu alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi, na mjomba wangu alikuwa wa mwisho kabisa. Siku anazaliwa, mimi nilikuwa shambani nafukuza ngedere. Leo ni fundi pikipiki Nachingwea, ana kiwanda chake kidogo chini ya bati karibu na sokoni, na kila nikifika wateja wake huacha kuongea ili waone mzee mwenye ndevu nyeupe akiinama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu! Umekua, wewe!"

Husema hivyo kila mara. Hachoki, na mimi nimeshazoea. Siku ile alikuwa amelala chini ya pikipiki. Akasikiliza habari yangu akiwa palepale, zinaonekana kandambili zake tu. Nilipofika kwenye mkia akatoka, akajifuta mikono polepole.

"Kwa hiyo ulitaka kuchagua mkia peke yako? Kama mtu aliyeokotwa?"

"Sijachagua, mjomba. Ndiyo nimekuja."

"Vizuri. Jambo hili lazima likaliwe kikao. Na wewe kasali istikhara, utuambie umeota nini."

Nilisali istikhara kama inavyofundishwa. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba istikhara ni kumwachia Mungu jambo lako kisha ukaendelea nalo, si kungoja sinema usingizini. Lakini asubuhi simu ikalia.

"Umeota nini?"

"Nimeota napepeta ufuta, mjomba."

"Ufuta wenye mkia?"

"Ufuta hauna mkia."

"Basi hukuota vizuri. Lala tena."

Kikao kilikaa kwangu Marambo, Ijumaa baada ya sala, mwanzoni mwa Shaabani. Mvua zilikuwa zimechanganya na watu walikuwa katikati ya kupanda ufuta, hata hivyo walikuja. Wengine kutoka Chunyu, upande wa Ruangwa, ambako nilizaliwa, matope yamewafika magotini. Binti yangu akafunga khanga vizuri, akasimama mbele ya wazee na simu mkononi, akaeleza mikia yote kwa subira ambayo nilimshukuru Mungu kumuona nayo.

Mzee mmoja wa Chunyu, ambaye ni mkubwa kuliko sisi sote na husikia anachotaka, akaanza.

"Huo wa tz ndiyo nchi yetu?"

"Ndiyo babu. Tanzania."

"Na ndugu zetu walioko ng'ambo ya Ruvuma? Wakifika mlangoni wakute tumewawekea mpaka?"

"Hawazuiwi, babu. Inafunguka hata Msumbiji."

"Itafunguka. Lakini wataona."

Kikao kizima kikakubali kwamba wataona. Mkia wa tz ukaondolewa.

Ule wa org binti alisema ni wa mashirika na jumuiya. Hapo watu wakakumbuka jumuiya zote walizowahi kuwa wanachama, ambazo kilichobaki ni kibao barabarani. Wakasema mtu akisikia shirika atakuja kuomba msaada, na asipokuja kuomba atakuja kukagua. Ukaondolewa nao.

"Kuna huu mwingine," akasema binti, "nukta me nukta tz. Huu ni wa mtu binafsi."

"Mtu binafsi ndiye nani?"

"Mtu mmoja, babu. Yeye mwenyewe tu."

Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Amefiwa na wote?"

"Hapana, ndugu anao. Ila tovuti ni yake peke yake."

"Masikini," akasema yule mzee, na wengine wakatikisa vichwa. Mkia ule ukaachwa kwa huruma.

Hapo ndipo watu wa Chunyu wakaleta jambo ambalo nadhani ndilo hasa lililowatembeza kwenye matope. "Mpwa wetu kazaliwa Ruangwa, anakaa Nachingwea. Tunauliza: kuna mkia wa Ruangwa?"

"Hakuna, babu."

"Na wa Nachingwea?"

"Nao hakuna."

"Una uhakika?"

"Uhakika kabisa."

"Basi hatuna neno," wakasema, wakaegemea ukuta wameridhika kabisa, na chai ikaletwa.

Mjomba alikuwa amekaa kimya muda wote kama anayeingoja injini ipoe. Sasa akasema, "Mimi nasema com. Kila tangazo la maana redioni linaishia na com."

"Com ni ya biashara," mtu akapinga. "Dini inauzwa siku hizi?"

Wote wakanitazama mimi. Nikawaambia kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifanya biashara na watu wakamwita mwaminifu. Na waliotuletea dini huku bara hawakuja mikono mitupu, walikuja na chumvi na nguo za kuuza. Kuuza si aibu. Aibu ni kupunja.

Yule mzee wa Chunyu akaweka kikombe chini. "Hiyo com, ni ya wapi?"

"Si ya mahali popote, babu," akasema binti.

"Si ya Nachingwea?"

"Hapana."

"Wala Ruangwa, wala Tanzania, wala Msumbiji?"

"Hapana, babu. Haina mahali."

"Basi hiyo haina ugomvi na mtu. Tumeichukua."

Nilifurahi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Ramadhani ilikuwa bado, dada yangu alikuwa mzima, jina lilikuwa limepata mkia. "Haya mama," nikamwambia binti yangu, "lipia sasa hivi tumalize." Akafungua simu. Mjomba akainua mkono.

"Bila kutangaza?"

Binti akamtazama. "Kutangaza nini, babu? Vitu hivi havitangazwi. Unalipia kimya kimya, vinakuwa vyako."

"Kimya kimya," akarudia mjomba, na kikao kikaguna. "Mjukuu wangu, anayefanya kimya kimya ni anayetorosha mtoto wa watu. Sisi tukichumbia tunatangaza. Tukipata shamba tunatangaza, mwenye pingamizi aseme mapema. Jina la baba yangu litaingia nyumba mpya kama limekimbia usiku?"

"Lakini babu, mwingine akisikia atalichukua!"

Hapo kikao kilicheka. Walimcheka kwa upendo, kama unavyomcheka mtoto anayeogopa kwamba jua halitatoka. Nani achukue jina la mtu mwingine, tena lililotangazwa? Mtu mwenye akili akisikia mchumba ametangazwa, hukaa mbali. Ndivyo ilivyo. Na mimi niseme kweli, niliona wana haki. Binti yangu akakaa chini, akafunga simu.

Tangazo likatolewa Ijumaa iliyofuata huko Ruangwa, kwenye dua ya Shaabani, watu wakiwa wengi. Mjomba alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Akasimama, akataja jina langu lote, akasita, kisha akataja mkia kwa sauti ya kumtambulisha bwana harusi: "Nukta! Com!" Mwenye pingamizi akapewa nafasi mpaka Ijumaa nyingine. Jina lenyewe sitaliandika hapa, msije mkalifungua, maana mtakachokikuta sijui nikitetee vipi.

Katika watu walioketi pale alikuwepo mtani wangu.

Sisi Wamwera na Wangindo ni watani tangu kwa mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akachukua kitu na kudai ukikomboe. Ukiwa na msiba atalala kaburini akatae kutoka mpaka umpoze. Na huruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Huyu wangu anauza chumvi na dagaa sokoni Ruangwa, ni wa rika langu, tumetaniana tangu tukiwa na nywele. Kwenye dua alikaa karibu na mlango, kama kawaida yake, mahali pa mtu ambaye hajaamua kama anaingia au anatoka. Watu waliniambia baadaye kwamba mjomba aliposema com, yule bwana alitoka nje akiwa ameshika simu sikioni, anaongea na mwanawe aliyeko Dar es Salaam.

Ijumaa ya pili pingamizi halikutokea. Binti akaingia kulipia. Kisha akanipigia simu, na sikumsikia akisalimia.

"Baba, limechukuliwa."

"Limechukuliwa na nani?"

"Njoo uone."

Nilipofika dukani kwake nilikuta watu waliokuja kutoa kopi wamesahau kopi zao. Kwenye kioo, chini ya jina langu lenye mkia wa com, alikuwa amekaa mtani wangu kwenye kiti cha kukunja, kanzu mpya, kofia, mguu juu ya mguu. Chini ya picha pameandikwa: "Mwenye jina hili nimemteka. Yuko salama na anakula vizuri. Ndugu zake walete jogoo mwekundu." Na chini yake palikuwa na kitufe cha kusikiliza sauti, ambacho sikukibonyeza. Nilikuwa naitazama ile kofia. Ilikuwa yangu. Aliichukua kwenye msiba mmoja zamani.

"Baba," akasema binti yangu, "wala tusihangaike. Mikia mingine yote ipo. Nachukua net sasa hivi, kesho unaweka darasa."

Nikampigia mjomba. Hakuniacha nimalize. "Tumetangaza com, tuchukue net? Umchumbie dada mtu, uoe mdogo wake kwa sababu kaibiwa? Na utani uende wapi? Mtu katekwa. Mtu aliyetekwa hukombolewa, hatafutiwi mwingine!"

Kwa hiyo mikia ile yote tuliyoibishania kwenye mvua ilikuwa imelala pale, wazi, haina mwenyewe, na hakuna hata mmoja tulioruhusiwa kuugusa. Shaabani ilikuwa inakwisha. Kila nikilala nilikuwa namsikia dada akisema ya mwakani sina ahadi nayo. Nilisema, ya Rabbi, nimekuwa mwalimu wa subira kwa muda mrefu. Usinifanyie mtihani kwa kitabu changu mwenyewe.

Nikapeleka jogoo. Mtani alimpokea sokoni, mbele ya wauza mchele wote, akamgeuza huku na huku.

"Huyu umemleta, au amekimbilia kwako kujificha?"

"Mtani, ni jogoo mzima."

"Huyu si jogoo, huyu ni swali. Mateka wangu ana thamani ya swali? Mlimtangaza kwa kanzu na dua, mnamkomboa kwa mifupa? Rudi kwenu Nachingwea, waambie wakutafutie jogoo mwenye kivuli."

Sikukasirika. Nilicheka kama inavyotakiwa, nikarudi kwenye matope na jogoo wangu. Mjomba akatoa jogoo wake mwenyewe, mkubwa, mwekundu, mkali, ambaye alimdonoa dereva wa pikipiki mgongoni mpaka Ruangwa. Mtani akampokea kwa heshima zote, akamla. Kisha akatuma ujumbe: yule alikuwa wa picha, sauti nayo inangoja jogoo wake.

Mwezi ukaandama tukiwa hapo.

Siku ya pili ya mfungo nilikwenda Chiola kumwomba dada radhi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: kwamba nyumba imechelewa, kwamba nitakuja mwenyewe kila nikiweza, nikae kando yake nimfundishe kwa mdomo, ingawa sote wawili tulijua barabara ya masika ilivyo. Nilipofika karibu na mlango nikasikia sauti ya mwanamume ndani, inaongea Kimwera kibaya sana, kile cha Mngindo anayejifunza kwa kutukana.

Nikaingia. Dada yangu alikuwa ameketi. Tangu mavuno yaliyopita sikuwa nimemkuta ameketi. Alikuwa ameegemea ukuta, khanga imemteleza kichwani, machozi yanamtoka, mkono mmoja umeshika mbavu. Mjukuu wake alikuwa pembeni na simu, naye amejiziba mdomo. Maskini hakuwa na habari ya utekaji wowote. Alilisikia jina kwenye tangazo, Ramadhani ikaingia, akamfungulia bibi yake kama alivyoambiwa.

"Rudisha," dada akamwambia. "Rudisha pale pa mkia."

Simu ikasema, kwa sauti ya mtani wangu: "Enyi watu wa Chiola na Marambo! Nawapa habari za Wamwera. Walimpata mnyama, wakakaa kikao wakigombania mkia wake. Wa Chunyu anavuta huku, wa Nachingwea anavuta kule. Mngindo akapita zake, hana habari na mkia, akabeba mnyama!"

Dada akacheka tena mpaka nikaogopa. Alipopumua akauliza, "Nani hapo?"

"Mimi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mnyama?"

"Ndiye mimi."

"Kaa. Nieleze yote."

Nikamweleza yote, kuanzia kidole cha binti yangu mpaka jogoo wa mjomba. Alisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza nikiwa mtoto nasoma mbele yake, kichwa kimeinama upande. Nikamalizia kwa kusema jogoo wa tatu ameshapatikana, kesho tutakomboa, na darasa litaingia.

"Na huyu mwizi?"

"Ataondoka. Tutamfuta."

"Nani kakwambia umfute?"

Nikamrudishia khanga yake kichwani.

"Mimi nilitaka nyumba," akasema. "Nyumba gani haina mtu wa kukutukana mlangoni? Mwache aseme kwanza. Nikishacheka naamka. Nikishaamka, wewe fundisha. Siku zote unaanza kufundisha mimi nimesinzia, sikukwambia tu nisikuvunje moyo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maamuzi, na mjomba alipoyasikia hakuongeza hata neno, maana dada yangu ni mkubwa wa ukoo kwa upande wa wanawake, na aliwahi kumbeba yeye mgongoni.

Aliyesumbua alikuwa mtani. Nilipomfikishia habari sokoni alisimama na kipimo cha chumvi mkononi, akasahau kumimina. Alikuwa ameshajiandaa kumrudisha mateka, akiwa na hotuba kabisa. "Mimi nifungue darasa la dini? Mtani, mimi unanijua. Mimi hukaa mlangoni."

"Dada amesema."

"Amecheka kweli?"

"Mpaka aliketi."

Akamimina chumvi taratibu. "Basi yule jogoo wa tatu mleteni hivyohivyo. Kazi imeongezeka."

Tukaanza. Kila siku baada ya futari nilirekodi darasa, nikalituma Ruangwa. Mtani akaweka matusi yake mbele. Mwanawe wa Dar es Salaam akaviweka pamoja kwenye jina langu lenye mkia wa com. Na Chiola, kesho yake asubuhi, dada akafunguliwa asikilize. Mwanzoni matusi yalikuwa ya jumla, ya Wamwera na vichwa vyao. Lakini mtani ni fundi wa kazi yake. Aliona tusi lisilohusiana na darasa halinogi. Ikabidi asikilize darasa kwanza ndipo alitukane vizuri. Siku niliyofundisha udhu, alisema Wamwera wanaosha mikono mpaka viwiko kwa sababu mpaka hapo ndipo inapofika kwenye sufuria za watu. Siku niliyofundisha nia, alisema mimi nilimletea jogoo mwenye nia tupu, mwili hana. Nilipofundisha habari ya subira hakutukana sana. Alisema tu, "Huyu mateka wangu leo ameongea kama mtu," kisha akakohoa, na darasa likaanza.

Katikati ya mwezi watu wa Ruangwa waliniambia kwamba mtani anaonekana kwenye tarawehe. Hakai tena mlangoni. Yuko safu ya tatu. Wakimuuliza anasema anajizoeza, maana mateka wake huenda siku moja akatoroka kupitia msikitini. Nilisujudu sijda ya shukrani kwa jambo hilo, na sikumwambia, kwa sababu angelidai jogoo.

Idi ilipopita binti yangu alikuja Chiola nami. Alikuwa amezungumza na mtoto wa mtani, kila kitu kilikuwa tayari. Jina lingehamia kwetu kwa kubonyeza mahali mara moja. Akamweleza shangazi yake kwa furaha. Dada akasikiliza, kichwa upande.

"Likiwa lenu, yule atakuwa nani?"

"Hatakuwa mtu, shangazi. Litakuwa la baba."

"Basi ataacha kusema. Mtu hatukani kwenye nyumba isiyo yake." Akatafuta mkono wangu juu ya kitanda, akaupata. "Mwachie, mdogo wangu. Wewe kaa humohumo kama mpangaji. Ramadhani nyingine nataka kumsikia."

Binti yangu alifungua mdomo kusema kitu juu ya mikia mingine, nikamwona anaufunga. Mimi sikuusikia mkia wowote. Nilikuwa nimesikia Ramadhani nyingine.

Majina hayo hulipiwa kila mwaka, nimejifunza. Usipolipia yanarudi porini. Mwenye nyumba wangu analipia bila kukosa, na mimi mpangaji napeleka nilichopangiwa. Leo ni Rajabu tena. Jogoo yupo nje, nimemfunga mguu kwenye kinu, na kwa kweli mwaka huu ni mdogo kidogo. Dada ameshanitumia salamu kutoka Chiola kwamba nisithubutu kumlisha akanenepa.

Anataka kusikia kitakachosemwa.